Diski Niliyoipumzisha Kama Ngamia

Kwanza niseme wazi: mimi si mjinga. Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari ya wasichana hapa Garissa, mwaka wa kumi na tisa huu. Kwa hiyo ukimsikia mtu sokoni akisema eti Mwalimu Nurto alipoteza sauti ya mama yake kwa mikono yake mwenyewe, mwambie aje kwangu. Nitampa chai, nitampa na maneno. Mambo hayakuwa hivyo. Sawa, yalikuwa hivyo kidogo, lakini ngoja nieleze, na usinikatize.

Mama yangu, Abshiro, alikuwa mtunzi wa buraanbur. Kwa asiyejua, buraanbur ni mashairi ya wanawake wa Kisomali. Mmoja anasimama katikati anaghani, wengine wanapiga ngoma na makofi, na ikishanoga utaona mabibi wa miaka sabini wanaruka juu, magoti wameyasahau nyumbani. Kutoka hapa mjini hadi Ijara, harusi bila Abshiro ilikuwa nusu harusi. Halafu miaka sita iliyopita akapasuliwa koo kutolewa uvimbe. Uvimbe ukatoka, alhamdulillahi, na sauti ikatoka nao. Tangu siku hiyo anasema kwa midomo tu na pumzi kidogo, na mimi ndiye ninayeisoma hiyo midomo na kuwaambia watu amesema nini. Daktari, muuza maziwa, wageni wa Idi, wote wanapitia kwangu.

Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kaseti ya shaash saar yangu. Hiyo ni sherehe ya wanawake, siku ya saba baada ya nikaha, bibi harusi anapofungwa kitambaa cha kichwa cha wake za watu. Siku hiyo, miaka ishirini na sita iliyopita, mama aliniimbia dakika tisa nzima. Mwaka juzi niliipeleka ile kaseti kwa fundi aigeuze iwe faili la kompyuta. Faili likatoka zuri kabisa. Kisha mashine ikaitafuna kaseti mbele ya macho yangu, utepe wote nje, nikaubeba nyumbani kwenye mfuko. Lakini sikujali sana, maana nilikuwa na faili.

Sasa binti yangu wa kwanza, Ugbad, tarehe ya nikaha ilipopangwa, alikuja akakaa katikati yangu na mama, akaniambia, "Hooyo, mimi sitaki mapambo makubwa, sitaki mwimbaji wa kukodi. Siku ya shaash saar nataka ayeeyo, bibi yangu, aniimbie mimi. Mtaweka ile aliyokuimbia wewe, na mimi nitaingia nayo." Mama alilia pale pale. Mimi nikamwambia Ugbad, "Hilo limekwisha, mwanangu. Lipo kwenye kompyuta." Nilisema hivyo kwa kifua mbele, Mungu anisamehe.

Kompyuta yenyewe iko sebuleni. Niliiwekea mfumo wa Linux miaka mingi iliyopita, kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wakiniletea kazi zao kwenye flashi zenye virusi vya kila namna, na nilichoka. Ndani yake mlikuwa na diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, ya tangu mwaka wa elfu mbili na kumi na moja. Mume wangu Dagane anaiita Mzee. Dagane ni mfanyabiashara wa ngamia. Asubuhi yuko soko la mifugo, mchana anarudi na harufu ya soko lote, anaketi mbele ya kompyuta kutazama video za mbio za ngamia za Uarabuni, na Mzee anaunguruma chini ya meza, krr, krr, krr.

Kisha mimi nikanunua SSD, diski ya kisasa isiyotoa sauti. Ilikuwa ya mtumba, ilitolewa kwenye kompyuta za ofisi fulani Nairobi, nyembamba ungeweza kuificha ndani ya Kurani. Nikaiweka Linux upya juu yake, na mashine iliyokuwa ikiamka kwa dakika tatu ikaanza kuamka kabla sijavuta kiti. Nilicheka peke yangu. Nikaizima, nikaiwasha tena, nikacheka tena. Ugomvi ukaanza siku hiyo hiyo.

"Hiyo yako haipumui," Dagane alisema. "Mzee akiumwa nitamsikia. Atakohoa, ataguna, nitapata muda wa kumtafutia dawa. Hiyo itakufa na wewe utakuwa bado unaipa salamu."

"Mzee wako ana sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake kuna sindano, nafasi kati yao unywele haupiti," nikamjibu. "Ngamia wako akishindwa mbio unapiga meza ngumi. Siku moja sindano itagusa sahani, na hapo tutamsomea Yasini. Yangu haina kinachozunguka. Iangushe, iokote, endelea na kazi."

Dagane akainua kidole juu, kama anavyofanya sokoni akikataa bei. "Kitu kisicho na sauti, Mama Ugbad, utajuaje kama kizima?"

Walahi, mama alikuwa ameketi kwenye kochi nyuma yake na tasbihi yake. Dagane aligeuka, akamwona, na rangi yote ikamtoka. Mwanamume huyu hupigana mieleka na ngamia dume, lakini mbele ya mama mkwe huwa hana mifupa. "Astaghfirullah, hooyo, nilikuwa nasema diski," akasema. "Diski tu. Diski." Mama mabega yakaanza kupanda na kushuka. Hivyo ndivyo anavyocheka siku hizi, mabega na machozi, bila sauti hata chembe. Dagane alitoka nje bila viatu, na nje jua lilikuwa la saa saba.

Basi nikahamia kwenye SSD. Na nikisema nilihama, nilihama kweli. Sisi ni watoto wa wafugaji; watu wakihama, wanahama na kila kitu, hakuna anayeacha nusu ya mbuzi kwenye boma la zamani eti wawe akiba. Nilihamisha mafaili yangu yote, na buraanbur ya mama ikiwemo, nikamwacha Mzee mtupu. Ninawafundisha wasichana mia mbili kila mwaka wawe na nakala mbili za kazi yao. Mia mbili! Nyumbani kwangu nilikuwa na moja.

Kosa la pili ndilo kubwa. Siku moja niliipima ile SSD kwa programu ya kusoma afya ya diski, ikaniambia kwamba asilimia tisini na saba ya uwezo wake wa kuandikiwa ilikuwa imeshatumika kule ofisini ilikotoka. SSD huchoka kwa kuandikiwa. Kila kijumba ndani yake kina idadi ya mara za kufutwa na kuandikwa, zikiisha zimeisha. Nikashtuka. Nikawaza, kumbe huyu amefika kwangu mgongo umeshapondeka! Nikafanya kile ambacho baba yangu angefanya. Ngamia aliyebeba nyumba kutoka malisho ya mbali hapakiwi tena. Anaachwa msimu mzima, anakula, analala, nundu inarudi. Mtoto wa mfugaji anajua hilo kabla ya kujua kusoma.

Kwa hiyo mwezi wa Desemba niliichomoa SSD, na buraanbur ya mama ikiwa humo humo, nikaifunga kwa kitambaa safi, nikaisomea Bismillahi, nikaiweka kwenye sanduku la bati ndani ya stoo. Nikamrudisha Mzee kazini, Dagane akashangilia siku mbili. Stoo yetu ina paa la mabati, haina dirisha. Wewe unaijua Garissa mwezi wa pili. Ukiacha mshumaa humo unaukuta umelala. Lakini kila nilipopita mlango ule niliona raha moyoni. Nilijisemea, pumzika, mpenzi, nenepa, siku ya kazi yako inakuja.

Nikaha ilifungwa mwezi wa Mei, Jumapili. Shaash saar ikawa Jumamosi inayofuata. Jumatatu nikaingia stoo, nikafungua sanduku, nikaifunua SSD yangu. Inang'aa! Nikaichomeka. Kompyuta ikakaa kimya muda mrefu, ikawaza. Nikafungua faili la mama. Zikalia ngoma, sekunde nne za ngoma, kisha ikakwama. Maandishi yakatokea: kusoma kumeshindikana. Nikajaribu tena. Sekunde nne. Nikajaribu mara ya tatu huku nasoma Ayatul Kursiyyu. Sekunde nne.

Nikaanza kusoma mtandaoni, na kila nilichosoma kilinichapa. SSD hutunza kumbukumbu kwa chembe za umeme zilizofungiwa ndani ya vijumba vyake. Ikikaa bila kuwashwa, umeme ule unavuja polepole. Ikiwa imechoka, unavuja haraka. Ikiwa kwenye joto, haraka zaidi. Yangu ilikuwa imechoka, nikaifungia kwenye bati la moto miezi mitano. Ingekuwa Mzee kwenye sanduku lile, angetoka anakumbuka kila kitu, kwa sababu yeye huandika kwa sumaku. Ngamia ukimpumzisha ananenepa. SSD ukiipumzisha inasahau. Nilijitukana kwa lugha zote tatu ninazozijua.

Dagane akaingia. Aliona skrini, akaniona mimi, akaelewa nusu. Akaanza kuzunguka meza anapiga makofi. "Nilisema! Haipumui! Nilisema au sikusema?"

"Ulisema. Sauti ya mama iko humo ndani, Baba Ugbad. Hakuna nyingine."

Makofi yakakatika. Alikaa kwenye mkono wa kochi. "Umemwambia?" akauliza, akielekeza kidevu chumba cha mama.

"Bado."

"Mimi naenda sokoni."

"Soko limeshafungwa."

"Nitalifungua," akasema, akaenda.

Nikabaki nimekasirika na nimeogopa, sijui kipi kilizidi. Lakini baada ya robo saa alirudi na kibuyu cha maziwa ya ngamia, akavuta kiti karibu yangu. "Niambie kinachowezekana," akasema. Nikamwambia kuna programu ya kuokoa kwenye Linux. Inasoma kwanza palipo pazima, pabovu inaparuka, halafu inarudi kupabembeleza tena na tena, kidogo kidogo. Lakini inahitaji diski nyingine yenye afya ya kuandikia kile inachookoa. Uso wote wa Dagane ukachanua. Aliinama chini ya meza na kupapasa boksi la kompyuta kama shavu la mtoto. "Mzee," akasema, "kuna kijana ameanguka njiani. Umbebe."

Kuanzia Jumanne asubuhi ikawa ndiyo kazi ya nyumba yetu. Dagane aliweka feni mbele ya SSD. Stima ilipokatika mara mbili, betri ya sola ilishika, na mara zote mbili tulikumbatiana, watu wazima wenye binti aliyeolewa. Hakwenda soko siku mbili. Ngamia waliuzwa bila yeye, na aliponiambia hivyo alishangaa mwenyewe. Asilimia sitini na moja. Sabini na nane. Ilipofika tisini tukasimama tukacheza, yeye anapiga ngoma kwa mdomo, mimi nazungusha shuka. Mama akatokea mlangoni. Midomo ikauliza, "Kuna nini?"

"Mbio za ngamia, hooyo," nikasema.

Aliitazama skrini, nambari tupu nyeupe juu ya weusi, akatutazama sisi, akarudi chumbani kwake taratibu. Mimi nikajiambia hakuona kitu.

Alhamisi alasiri ikamaliza. Nililitoa faili, nikalinakili kwa Mzee, kwenye flashi, kwenye simu yangu, kwenye simu ya Dagane, na ningeweza kulinakili kwenye ukuta ningelinakili. Kisha tukalicheza, sauti chini. Mama huyo! Sauti ile nene, yenye kicheko ndani yake, ikajaa sebule, na mimi nikalia kwa furaha mpaka kamasi. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Ilipofika dakika ya sita, akiwa ndiyo kwanza anaanza kumpa bibi harusi baraka, kimya. Hakuna ngoma, hakuna neno. Sekunde arobaini na moja za kimya, kisha sauti ikarudi kwenye mistari ya mwisho kana kwamba hapakutokea jambo. Niliirudisha programu ikabembeleze tena pale, ikabembeleza mpaka magharibi, haikupata kitu.

"Kata, unganisha," Dagane akanong'ona. "Nani atajua?"

"Aliyetunga atajua."

Hakubisha. Ijumaa baada ya swala nikatengeneza chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki nyingi, nikaingia nayo kwa mama. Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilimweleza yote: kuhama, sanduku, stoo, Mzee, sekunde arobaini na moja. Nilisema mimi mwenyewe nimeiua sehemu ile, na kwamba naona aibu mpaka kwenye kucha. Mama hakunikatiza, maana ameshazoea kusikiliza. Nilipomaliza akanywa chai yote kwanza. Ndipo midomo ikauliza, "Imekatika kwenye neno gani?"

Nikamwambia neno la mwisho linalosikika.

"Na inarudi kwenye lipi?"

Nikamwambia na hilo. Akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kugonga goti, vikahesabu kitu. Alipofumbua, akasema, "Simama."

"Nisimame wapi, hooyo?"

"Hapo. Nitakupa maneno. Pale pasipo na kitu, utaimba wewe."

"Mimi?" Nilicheka kwa woga. "Hooyo, mimi nikiimba wimbo wa taifa shuleni, wasichana wananitazama badala ya bendera."

"Najua," midomo ikasema. "Nilikulea mimi. Nimekusikia."

Akanifundisha. Mistari sita. Alikuwa akiniwekea kila neno kwa midomo, mimi nalitoa, na nikikosa pigo ananichapa kwenye paja na tasbihi, na tasbihi ya mama ina shanga kubwa. Sikufikiria hata maneno yana maana gani, nilikuwa napigana na pigo. Nje mlangoni nilimsikia Dagane akikohoa mara moja, ndiye alikuwa amesimama anasikiliza, na kikohozi kile kilikuwa kicheko kilichobanwa. Tulipofika mstari wa sita nilikuwa na jasho kila mahali.

"Bado miwili," mama akasema. "Hiyo nitakupa pale pale ukumbini. Utatazama midomo yangu."

"Kwa nini si sasa?"

"Utaisahau." Na kwa kuwa wiki ile nilikuwa nimesahau simu ndani ya friji mara mbili, sikubisha.

Jumamosi. Flashi ingetosha, simu ingetosha, lakini Dagane alikataa katakata. Alisema Mzee ndiye aliyebeba, Mzee ndiye atakayehudhuria. Akaipakata kompyuta nzima kwenye tuktuk, imefungwa blanketi, mimi pembeni na skrini, na kila tuta nilipiga kelele, "Sindano! Angalia sindano!" Akanijibu kwa utulivu mkubwa kwamba diski ikiwa imezimwa sindano hulala pembeni, haiigusi sahani. Tangu Jumanne amekuwa mtaalamu. Alitukabidhi Mzee mlangoni mwa ukumbi, kwa kuwa ndani ni wanawake tu, akaniambia nimweke mbali na moshi.

Moshi ulikuwepo, maana vyetezo vya uunsi vilikuwa kila pembe, na rangi za diraac, magauni yetu ya sherehe, zilikuwa zinaumiza macho kwa uzuri. Mama nilimketisha mbele kabisa. Mdogo wake, habaryar Fatumo, alikuwa na ngoma mapajani. Ugbad akatokea mlangoni, mrefu, amejifunika dhahabu na haya. Nikabonyeza.

Sauti ya mama ikatoka kwenye vipaza sauti vya ukumbi mzima. Walahi sikuwa nimejiandaa. Habaryar Fatumo alipiga ukelele mmoja, ngoma ikamdondoka. Wanawake walisimama wote kwa pamoja, vigelegele vikapanda mpaka nikahofia paa. Waliokuwa wakimjua mama tangu ujana wao walilia wazi wazi, wakicheza huku wanalia. Ugbad alisimama katikati ya ukumbi, mkono mdomoni, hawezi kusonga. Mimi nilimtazama mama. Alikuwa amekaa wima, anajisikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na rafiki wa zamani njiani.

Dakika ya sita ikafika na kimya kikafika. Watu walitazamana. Nikasimama.

Sauti niliyotoa, nikuambie ukweli, ilikuwa ya mlango wa stoo. Mtu alicheka. Mstari wa pili ukatoka, habaryar Fatumo akaokota ngoma yake akanishika pigo, na ghafla nikawa ndani yake, sijui nimeingiaje. Niliimba juu ya binti ambaye ukimtuma maji anakuletea na maziwa, lakini ukimkasirisha toka nje ungojee jua lipoe. Ukumbi ulilipuka, wanawake wananinyooshea vidole mimi, wananyoosha kwa Ugbad, hawajui yupi kati yetu. Mstari wa sita ukaisha. Nikageuka kwa mama. Midomo yake ilikuwa tayari, nami nikaimba kila neno lilipotua:

"Koo walinikata, maneno hawakuyapata..."

Ndipo akili ikanifika, nikiwa nimeshaimba. Miaka ishirini na sita iliyopita hakuna aliyekuwa amelikata koo la mama. Maneno hayo hayakuwahi kuwa kwenye kaseti yoyote. Nilitaka kunyamaza nimuulize, lakini ngoma haikunisubiri, na midomo yake ilikuwa inaendelea.

"Mtoto niliyemzaa, ndiye mdomo niliopata."

Niliutoa mstari huo sauti ikipasuka vipande vipande. Na palepale mama wa zamani akarudi kwenye vipaza sauti, juu ya pigo letu lile lile, akamaliza baraka zake. Ugbad alikuwa ameshafika kwa bibi yake, amepiga magoti, kitambaa kinafungwa, na hakuna aliyekuwa amekaa kwenye kiti ila mama.

Habaryar Fatumo alinivamia kwanza. "Naa Nurto! Hayo hayakuwa ya siku ile! Mimi nilikuwepo, nilipiga ngoma mimi!"

Nikamgeukia mama. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, machozi yanamtiririka.

"Hooyo," nikasema, "na ile sita ya kwanza?"

"Mipya," midomo ikajibu.

"Yote? Ya zamani iko wapi?"

"Nimeisahau. Miaka ishirini na sita, naa! Umeniona mimi nina sumaku?"

Nikacheka mpaka nikashika mbavu, watu wananiuliza amesema nini, amesema nini, na kwa mara ya kwanza sikumfasiria mtu. Mama alinivuta karibu. "Ninayo mingine," akasema. "Miaka sita sikukaa bure."

"Kwa nini hukuniambia?"

Aliniangalia kidogo. "Kila siku unaniuliza kama nataka chai," midomo ikasema. "Hukuniuliza kama nina shairi."

Maneno hayo yaliniingia na yakakaa. Ngoma zilikuwa zimeanza tena, Fatumo anawaita watu wacheze, Ugbad anazungushwa katikati na kitambaa chake kipya. Nikaketi chini sakafuni na diraac yangu mpya, miguuni pa mama, nikatazama midomo yake, nikamuuliza la kwanza linaanzaje.